Chambo cha manyoya kwa mvuvi wa Nyanda za Juu Kusini: njia tano za kukipata, nzuri hadi mbaya

Anayetaka chambo cha manyoya akiwa Mbeya au Iringa asitegemee kuingia dukani akachagua. Madukani tunapata ndoana, mshipi wa plastiki, chubwi na nyavu, lakini chambo kilichofungwa kwa mkono, kwa uzi na unyoya, karibu kila mara ni cha kuagiza. Kitu cha kuagiza unakilipia kabla hujakishika, kwa hiyo ni lazima ujue unaulizia nini. Nimezipanga njia tano, kuanzia ile ambayo ningemshauri ndugu yangu hadi ile ambayo ningemkataza.

Tuanze na saizi, maana hapo ndipo pesa za wengi zinapopotelea. Baadhi ya vyambo vya mtandaoni huuzwa kwa jina la perch, yaani yule samaki wa Ulaya mwenye mistari myeusi ubavuni na mapezi mekundu. Wengi wao hawafiki hata kilo moja. Wanakula wadudu na samaki wadogo, na chambo chao hufungwa kwenye ndoana namba 6 hadi 10. Sangara wetu wa Ziwa Victoria naye huitwa perch wa Nile, ila huyo anaweza kupita kilo 100, na chambo chake ni kirefu kama kiganja, kwenye ndoana ya 4/0. Kumbuka namba za ndoana zinakwenda kinyume: 14 ni ndogo kuliko 6, na 6 ni ndogo kuliko 1. Ukishapita 1 ndipo zinaanza 1/0, 2/0 na kuendelea, zikizidi kuwa kubwa. Kwa hiyo usiagize kwa jina la samaki. Agiza kwa namba ya ndoana na urefu wa chambo kwa sentimita.

Huku kwetu hatuna perch wa Ulaya wala sangara, lakini chambo cha perch kinatufaa sana kwa sababu kimetengenezwa kufanana na kisamaki kinachokimbia. Mbasa wa Ziwa Nyasa anakula usipa. Usipa ni mwembamba, mweupe wa fedha ubavuni, mgongo wenye rangi iliyokoza kidogo, na hazidi sentimita 13 au hapo. Chambo cheupe cha sentimita 6 hadi 8, chenye mgongo wa kijani cha zeituni, ndicho cha kubeba ukishuka Matema. Trauti waliopandikizwa enzi za ukoloni kwenye mito ya baridi kama Kiwira wanataka kidogo zaidi, namba 8 hadi 12. Perege wa bwawani ni mla vijimea na vijidudu zaidi kuliko samaki wenzake. Kwake shuka hadi namba 12 au 14, na umpe kitu kinachofanana na mdudu.

Sasa jinsi ya kukikagua, iwe kimefika mkononi au bado ni picha kwenye simu. Kipeleke karibu na dirisha. Tazama kichwa, pale nyuma ya kijitundu cha mshipi: uzi uwe umelala mzunguko kwa mzunguko, umebanana, na vanishi juu yake iwe imekauka ikang'aa. Ukiona ncha ya uzi imechomoza, au kichwa kikavu kisicho na vanishi, jua kwamba samaki wa kwanza au wa pili ataufumua wote. Pitisha mshipi kwenye kijitundu. Fundi asiye makini huacha vanishi ikaziba, nawe unakuja kuhangaika kuitoboa kwa sindano ukiwa umesimama majini. Kama chambo kina macho ya chuma, yashike kwa vidole viwili ujaribu kuyazungusha, na yakicheza, kirudishe. Kisha buruta ncha ya ndoana taratibu juu ya ukucha wa kidole gumba. Ncha kali inakwama, butu inateleza. Tazama pia uwazi kati ya ncha na shina la ndoana. Manyoya yakiujaza, samaki atauma manyoya matupu na ndoana haitamshika. Mwisho kitumbukize kwenye bilauri ya maji, ukivute na kukiachia. Manyoya mazuri yanalala ukivuta na kutanuka ukiachia. Yakibaki yamesimama vilevile, umenunua pambo.

Namba moja kwangu ni vyambo vilivyofungwa Kenya. Wengi hawajui kwamba majirani zetu ni miongoni mwa mafundi wakubwa wa kazi hii duniani. Ilianza na walowezi wa Kiingereza waliovua trauti kwenye mito ya milimani, ikabaki mikononi mwa Wakenya wenyewe, na leo vyambo vingi vinavyouzwa Uingereza na Marekani vimetoka huko. Fulling Mill, kampuni ya Kiingereza inayoheshimika katika biashara hii, vyambo vyake vinafungwa kwenye karakana yake ya Kenya. Mtu aliyefunga chambo kilekile maelfu ya mara hakosei urefu wa mkia. Kila kimoja kwenye dazani kinafanana na mwenzake, na hilo ndilo unalolilipia. Jambo la kuuliza ni moja tu: ndoana ni ya kampuni gani? Fundi hodari akifungia kwenye ndoana laini, kazi yake inakwisha siku inaponyooka. Nunua dazani ya aina moja, na ukiwa na uwezo dazani mbili za aina mbili. Lile boksi la rangi hamsini tofauti linapendeza macho tu. Ukipata chambo kinachokubali ukakipoteza kwenye jiwe, utataka kingine kama hicho hapohapo. Mzigo wenyewe ni mwepesi, unaingia kwenye bahasha, kwa hiyo ukiwa na mtu anayetoka Nairobi au Arusha umemaliza kazi.

Namba mbili ni kumpa oda fundi wa hapa, na kwa mbasa mimi ningempandisha awe wa kwanza. Si lazima awe mvuvi. Anayesuka, anayetengeneza mapambo ya shanga, anayeshona kwa mkono, vidole vyake tayari vinajua kazi. Sharti ni kwamba ndoana umpe wewe, zile unazoziamini, pamoja na sampuli moja nzuri na usipa mmoja mkavu wa kupimia urefu. Malighafi tunayo tele. Manyoya marefu ya shingo ya jogoo wa kienyeji hayana mpinzani. Singa za mkia wa ndama mweupe hutumiwa na mafundi wa Ulaya na Marekani kwa vyambo vya kisamaki, na huku zinatupwa machinjioni. Nyuzi za kung'aa za mapambo ya Krismasi zinatoa ule mwanga wa ubavu wa samaki. Mwambie aoshe manyoya kwa sabuni na kuyakausha kivulini kabla ya kuanza, na rangi ya kucha isiyo na rangi inatosha kwa vanishi. Manyoya yawe ya ndege wa kufugwa. Kumwinda kanga wa porini bila kibali au kutoa manyoya ya ndege anayelindwa ni kosa la kisheria, na hakuna chambo kinachostahili hilo. Udhaifu wa njia hii ni kwamba vyambo vya mwanzo vitakuwa vinene mno kichwani. Vumilia, na mlipe vizuri, kwa kuwa fundi akishaizoea kazi umepata duka jirani.

Tatu, kufunga mwenyewe. Unahitaji jiliwa dogo la kushika ndoana, mkasi wenye ncha kali, uzi mwembamba imara na subira ya jioni. Kwa mvuvi wa kila wiki ni njia nzuri. Kwa anayevua mara chache kwa mwaka, vifaa vitamgharimu kuliko vyambo, na ndiyo maana sikuipandisha zaidi.

Nne, kuagiza Marekani au Ulaya. Ubora upo, ila chambo kimoja kizuri ni kama dola 2 hadi 4, na ukiongeza usafirishaji na ushuru hesabu inaumiza. Mara nyingine utalipa nauli ya kurudisha Afrika Mashariki kitu kilichofungwa Kenya. Ningeitumia kwa shughuli moja, yule samaki wa meno ya nje, tigerfish kwa Kiingereza, wa mito ya Ruhudji na Mnyera kule inakoshukia bonde la Kilombero. Kwake unataka ndoana nene ya pekee na kipande cha waya mbele ya chambo, la sivyo mshipi unakatwa kama umepitishwa wembe.

Tano na ya mwisho, pakiti za bei ya kutupa, vyambo kwa makumi kwenye kiboksi cha plastiki. Bei inavutia na picha zinapendeza. Ndoana mara nyingi ni laini. Ichomeke kwenye ubao uivute kwa koleo, uone inavyofunguka. Kwa Tukuyu yetu, mojawapo ya sehemu zinazopata mvua nyingi kuliko zote nchini, ndoana ya hivyo inashika kutu boksini kabla hujaitumia. Mtoto anayejifunza kurusha anaweza kuzitumia zikikatwa ncha. Usimrushie samaki ndoana hizo, maana samaki anayeondoka na ndoana mdomoni kwa sababu uzi ulifumuka ameumizwa bure.

Kuhusu aina za kutaja kwenye oda, tatu zinatosha. Clouser Minnow, kazi ya Bob Clouser wa Pennsylvania miaka ya 1980, ina macho mazito yaliyofungwa upande wa juu wa shina, hivyo ndoana inageuka na ncha kutazama juu. Kwenye mawe ya ufukwe wa Matema, chini ya milima ya Livingstone, sifa hiyo peke yake inakuokolea vyambo vingi. Ya pili ni Woolly Bugger, iliyobuniwa na Russell Blessing, wa Pennsylvania pia, mwaka 1967: mkia laini, mwili mnene, unyoya wa jogoo uliozungushwa kuanzia mkiani hadi kichwani. Nyeusi au kijani cha zeituni inafaa kwa trauti na kwa mabwawa yetu mengi. Ya tatu ni Pheasant Tail ya Frank Sawyer, mtunza mto wa Kiingereza, aliyeacha uzi kabisa akafunga kwa waya mwembamba wa shaba ili mdudu wake azame upesi. Hiyo ndiyo ya perege. Rangi ifuate maji. Nyasa ni ang'avu, nenda na nyeupe na fedha. Mtera maji ni ya tope, na huko nyeusi inaonekana vizuri kuliko rangi zote za kung'aa, maana samaki anaona umbo kabla ya kitu kingine.

Usinunue chochote kabla hujajua utakirushaje. Chambo cha manyoya hakina uzito wa kuvuta mshipi wa kawaida. Kama huna fimbo na mshipi mzito wa kazi hii, tumia mwanzi mrefu, mwembamba, uliokauka vizuri, na mshipi wa urefu uleule uliofungwa kwenye ncha. Wajapani wanavua hivyo kwenye mito ya milimani tangu zamani, na mto kama Kiwira unaruhusu. Ila usiufungie Clouser yenye macho mazito, itakurudia kisogoni. Ukitaka kurusha mbali ukiwa ziwani, boya la plastiki linalojazwa maji nusu litakupa uzito bila kuzamisha chambo.

Pitia kwa afisa uvuvi wa halmashauri uulize leseni; uvuvi unaongozwa na Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003. Na mbasa anapoanza kupanda mito kutaga wakati wa mvua, mwache apite. Amepungua sana, na kila jike linalokatwa njiani linaondoka na kizazi chake. Bana kwa koleo jino la ndoana, kile kijimwiba kinachoelekea nyuma karibu na ncha, ili unayemshika kwa bahati mbaya uweze kumwachia akiwa mzima.

Ujumbe wa oda uwe mfupi na kamili: Clouser dazani moja, ndoana namba 6, jina la kampuni ya ndoana litajwe, urefu sentimita 7, nyeupe chini, kijani cha zeituni juu, mstari wa fedha katikati, macho ya ukubwa wa wastani. Omba picha mbili za karibu, moja ya kichwa na nyingine ya ncha, kabla hujatuma pesa.