Begi la kwenda nalo melini: kabla ya kulipa, lilaze sakafuni ulifungue

Mtoto wa dada yangu alinipigia simu akiwa dukani, hapa hapa Mtwara mjini. "Mama mdogo, kuna jekundu na jeusi, nichukue lipi?" Amepata mkataba wa miezi minane kwenye meli ya watalii, idara ya jikoni, na alikuwa ameshatoa pesa mfukoni. Nikamwambia asilipe, anisubiri hapo hapo. Nilitoka Shangani kwa bodaboda na kanga yangu mkononi, na nilipofika nikakuta anashikilia sanduku lile lile lililonitesa mimi.

Nimefanya mikataba miwili melini, yote nikiwa mhudumu wa vyumba. Mwaka huu peke yake vijana watatu wa huku kwetu, wawili wa Mtwara na mmoja wa Lindi, wameniuliza wanunue begi gani, na wote wameniuliza habari za uzito, rangi na kufuli. Hakuna aliyeniuliza lile la maana. Ndiyo maana naandika.

Begi langu la kwanza lilikuwa sanduku gumu la plastiki, kubwa, la zambarau, katika zile seti za matatu yanayoingia moja ndani ya jingine. Nililipa 180,000 kwa seti nzima kwa sababu muuzaji alikataa kuniuzia moja. Mawili yaliyobaki yako kwa mama mpaka leo, yamejaa mashuka. Lile kubwa lilisafiri salama ndani ya buti la basi mpaka Dar, likapita uwanja wa ndege bila mkwaruzo, na mimi nikajiona nimenunua kitu. Shida ilianza nilipofunga mlango wa chumba melini nikalilaza chini ili nitoe sare.

Sanduku la namna hiyo hupasuka katikati kama chaza, nusu huku na nusu kule. Likishafunguka, upana wake umekuwa mara mbili. Sasa fikiria chumba cha mfanyakazi wa meli: kitanda cha deka, makabati mawili membamba, kijimeza, bafu la kuingia ubavu, na ujia katikati. Huo ujia ndio sakafu yote mliyo nayo watu wawili. Sanduku langu likiwa wazi lilitaka karibu mita moja upande mmoja na robo tatu ya mita upande wa pili. Kwa urefu halikukaa, kwa upana halikukaa.

Nikawa nalifungulia mlangoni, nusu chumbani, nusu koridoni. Meli za abiria hufanya mazoezi ya dharura kila wiki, na ishara yake ni honi saba fupi ikifuatiwa na moja ndefu. Wiki yangu ya tatu honi ililia nikiwa nimepiga magoti pale mlangoni natafuta soksi. Milango yote ya koridoni ikafunguka, watu wakatoka na majaketi okozi mikononi, mimi nahangaika kulikunja sanduku na nguo zinamwagika. Dada mmoja Mfilipino wa chumba cha jirani alijikwaa kwenye ile nusu ya nje akaangukia goti. Msimamizi wetu hakunifokea. Aliniambia tu kwamba koridoni hapawekwi kitu hata dakika moja, kwa sababu siku moshi ukiwa wa kweli, watu watapita hapo wanatambaa na hawaoni.

Baada ya siku hiyo nikawa nalipandisha kitandani. Mgeni hupewa kitanda cha juu, kwa hiyo kila nilipotaka kitu nilinyanyua sanduku lote mpaka usawa wa kichwa, usiku wa manane, mwenzangu amelala chini yangu baada ya zamu ya saa kumi. Miezi minane.

Kwa hiyo swali langu dukani ni moja tu: likilala chini, linafungukaje? Begi linalokufaa melini ni lile lenye tumbo moja na mfuniko, kama sufuria. Tumbo linabaki sakafuni, mfuniko unasimama ukiegemea kitanda, na wewe unachukua shati lako ukiwa umechuchumaa.

Kipimo changu ni kanga. Ikunje mara mbili, ibaki robo yake, uitandike kwenye sakafu ya duka. Hapo ndipo ujia wa chumba chako. Lilaze begi juu yake, ulifungue lote. Tumbo likitoka nje ya kanga, au likihitaji kanga ya pili kwa ajili ya mfuniko, lirudishe kwenye shelfu. Kisha lisimamishe ubavu upime unene kwa mkono: likizidi shubiri moja na nusu, kuna uwezekano mkubwa halitaingia chini ya kitanda, na begi lisiloingia chini ya kitanda utalala nalo.

Sasa chaguo zangu, na sifichi upande wangu. La kwanza ni begi laini la kitambaa la American Tourister, saizi ya kati. Hii ni kampuni iliyoanza mwaka 1933 huko Providence, Marekani, na tangu mwaka 1993 iko mikononi mwa Samsonite. Nililinunua la kwangu Dar es Salaam kabla ya mkataba wa pili, kwa bei iliyoniuma, na ningelinunua tena kesho. Mfuniko wake unafunguka kwa juu. Lina mifuko miwili ya nje, kwa hiyo pasipoti, cheti cha daktari na kitabu cha ubaharia navitoa bila kugusa zipu kubwa. Likiwa tupu najaza ndani yake nguo za baridi nalisukuma chini ya kitanda cha mwenzangu, na yeye hajui kama lipo. Zipu yake haijawahi kugoma hata mara moja. Samsonite yenyewe ni nzuri zaidi kwa kitambaa, lakini tofauti ya bei ni kubwa na begi likiwa chini ya kitanda hutaiona. Usichukue saizi kubwa kabisa hata ukipewa punguzo: ndege nyingi zinaruhusu kilo 23, na begi kubwa hukushawishi kujaza zaidi.

Ukipata la matairi mawili, chukua hilo uache la manne. Wauzaji watakwambia manne ndiyo ya kisasa, na kweli uwanja wa ndege linateleza lenyewe. Lakini melini linateleza lenyewe pia, usiku, huku na huku. Tulipokuwa tunatoka Durban kwenda Cape Town, kwenye ule mkondo wa Agulhas ambako bahari huchafuka vibaya, begi la matairi manne la mtu wa chumba cha juu yetu lilikuwa likigonga ukuta mpaka alfajiri. Na kwa kokoto na mchanga wa kwetu, vile vitairi vidogo vinavyozunguka vinakatika kabla hujafika stendi. Matairi mawili makubwa yaliyozama ndani ya mwili wa begi yanavumilia.

La pili ni begi laini la mtumba. Wapo wanaoona aibu kununua begi la mtumba, na mimi nawaambia wamekosea, kwa sababu Samsonite iliyotumika miaka mitano mara nyingi inalishinda begi jipya lisilo na jina. Ila kwenye mtumba kuna ugonjwa mmoja wa kuutafuta. Mabegi mengi yamepakwa kwa ndani utando wa poliyurethani ili maji yasipenye, na utando huo huliwa na unyevunyevu wa hewa. Begi likikaa miaka stoo kwenye joto la pwani, utando unaanza kunata, kisha unabanduka vipande vidogo kama maganda ya korosho. Ingiza mkono ndani, sugua kwa dole gumba mpaka kwenye kona, halafu tazama kidole. Kikitoka na unga au kikinata, liache hata kama linauzwa bei ya kutupa, kwa sababu kila shati jeupe utakalolipanga humo litatoka na madoa. Shika na mpini pia. Mpini wenye mpira unaonata haujachafuka tu, huwezi kuuosha ukapona.

La tatu ni begi la kubeba lenye matairi mawili nyuma, lile refu lisilo na mbavu. Likiwa tupu unalikunja kama taulo, na kwa hilo peke yake linastahili heshima. Nguo zinajikunja ndani, na pasi chumbani ni marufuku melini kwa sababu ya moto. Ikionekana kwenye mashine ya ukaguzi wanaichukua. Mtu wa jikoni ambaye sare zake zinafuliwa na meli hatalijali hilo. Mhudumu wa mezani atalijali.

Masanduku magumu yanayofunguka kwa juu yapo duniani, lakini katika maduka niliyopita Mtwara na Lindi sijaliona hata moja, na huko yaliko bei yake ni ya kumtolea mtu posa. Na shangazi kaja, ule mfuko wa nailoni wa miraba, hapana. Itapasuka kabla ya Nangurukuru, bado uko njiani kwenda Dar.

Kufuli usililipie zaidi. Zipu za kawaida za nailoni zinafunguka kwa ncha ya kalamu ya wino, na mwizi akimaliza anapitisha vichwa vya zipu mara moja tu inajifunga tena kama haikuguswa. Vya thamani vikae mkononi mwako.

Kama unakwenda kama abiria, chumba chako ni kipana kuliko chetu, lakini kipimo cha kanga bado kinakuhusu, maana kwenye safari ndefu ya wiki kadhaa hutaki kuruka sanduku kila ukienda bafuni. Siku ya kupanda unamkabidhi mpagazi begi bandarini na huenda usilione mpaka jioni, kwa hiyo dawa na pasipoti ziwe kwenye begi dogo. Usiku wa mwisho mabegi yanawekwa nje ya mlango yakiwa na lebo za rangi, yanachukuliwa usiku huo huo. Nimemwona kwa macho yangu mzee mmoja asubuhi ya kushuka amebaki na nguo za kulalia kwa sababu alifunga kila kitu. Nilimtafutia suruali kwa wenzangu.

Sasa niseme na wauzaji wetu, kwa sababu moyo umejaa. Kwa nini mteja hafunguliwi begi? Unaliomba, unaambiwa "usitoe karatasi, mama, litachafuka." Unataka kulilaza chini, unaambiwa unaziba njia. Unalipa, unafika nyumbani unagundua kasoro, unaonyeshwa maandishi kwenye risiti kwamba bidhaa ikiuzwa hairudishwi, na hiyo ni kama risiti umepewa. Pesa ya korosho ikianza kuingia, lile lile begi lililokaa na vumbi tangu masika linapanda bei wiki moja. Na nembo za kubandika! Nimeshika begi lenye jina la American Tourister mbele na jina jingine kwenye vichwa vya zipu. Tazameni zipu, tazameni kitambaa cha ndani kama jina limefumwa humo. Nembo ya gundi inang'oka kwa ukucha. Wengine watakuuzia na waya wa umeme wa soketi nyingi "wa melini". Usinunue. Zile zenye kinga ya umeme zinakatazwa na meli nyingi kwa sababu mfumo wa umeme wa meli si kama wa nyumbani na zinaweza kuwaka moto. Kinachohitajika ni kigeuzi kidogo tu cha plagi, maana pini zetu tatu nene haziingii kwenye soketi nyingi za huko.

Kubwa zaidi ya yote ni hili. Mtoto wa dada yangu alikuwa ameambiwa na mtu mmoja anayejiita wakala kwamba begi na sare lazima anunue kwake, pamoja na pesa ya "kushikilia nafasi". Mkataba wa kimataifa wa Kazi za Baharini wa mwaka 2006 unakataza baharia kutozwa ada ya kutafutiwa kazi. Gharama anazoweza kubeba mwenyewe ni cheti cha afya, kitabu cha ubaharia na pasipoti. Viza ni ya mwenye meli. Begi halimo. Anayekuuzia begi kama sharti la kazi anakuibia, na pesa hiyo ndiyo ungenunulia begi la maana.

Duka la kwanza walitukatalia kutandika kanga, tukatoka. La pili, mzee mwenye duka alisogeza ndoo zake mwenyewe akatupisha. Tulipima matano. La tano, jeusi, laini, matairi mawili, tumbo lilikaa ndani ya kanga na nafasi ya kiganja ikabaki. Si American Tourister, duka zima halikuwa nayo, lakini zipu ni YKK, jina la kuaminika kwenye zipu, na kidole gumba kilitoka kikavu. Kijana alilipa mwenyewe.

Jana tumelipanga kwa dada. Mpini nimeufunga kipande cha kanga ya kijani, ili alitambue kati ya maelfu ya mabegi meusi. Mizani ya duka la jirani imesema kilo 19, na dada ameshaweka nne za korosho za kukaanga juu ya nguo, karibu na mfuniko, ili azifikie kwanza.