Bia Tano za Ubelgiji kwa Ulimi Uliozoea Mbege

Mtu aliyezoea bia nyepesi za chupa zinazouzwa Moshi, Nairobi au Kampala, akipewa glasi yake ya kwanza ya gueuze, bia chachu ya Ubelgiji, mjini Brussels, huenda akairudisha mezani kwa kudhani imeharibika. Mimi sikuirudisha, na sababu haikuwa ujuzi wa bia. Nililelewa Kibosho, kwenye mteremko wa Kilimanjaro, katika nyumba ambamo bibi alipika mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, kila ilipokaribia shughuli ya ukoo, na uchachu ule niliufahamu kabla sijaruhusiwa kuunywa. Naandika tathmini hii ya bia tano ambazo sikuwahi kuzionja kabla ya safari yangu ya Ubelgiji, nikiamini kwamba mnywaji wa Afrika Mashariki tayari anao ulimi unaofaa kuzihukumu, mradi azipime kwa pombe za nyumbani na si kwa bia za kiwandani.

Nilianzia Cantillon, kiwanda kidogo kilichopo Anderlecht, mtaa wa Gheude, ambako mtu hufika kwa miguu kutoka stesheni ya reli ya kusini mwa Brussels. Kilianzishwa mwaka 1900, na tangu 1978 kimekuwa pia makumbusho, kwa hiyo mgeni hulipa kiingilio, huzunguka mwenyewe kati ya mitambo na mapipa, kisha huonjeshwa pombe yenyewe. Nilifuatana na ndugu mmoja wa Lubumbashi anayeishi jirani na Matonge, mtaa wa Wakongo mjini humo, ambaye katika miaka yake yote ya kukaa Brussels hakuwa amekanyaga mahali hapo.

Sehemu ninayotaka kuieleza kwa kirefu ni dari. Juu kabisa, chini ya vigae, kuna sinia kubwa la shaba, pana kama sebule, lenye kina kisichofika goti. Togwa, maana sina neno bora la kuyaita maji matamu ya kimea kabla hayajaumuka, hutengenezwa kwa takriban theluthi mbili za kimea cha shayiri na theluthi moja ya ngano isiyooteshwa, kisha huchemshwa pamoja na hopsi, yaani maua ya mmea utambaao yanayoipa bia uchungu. Hopsi za Cantillon huwa zimekaa ghalani miaka kadhaa hadi zikapoteza sehemu kubwa ya uchungu huo, lakini zikabaki na uwezo wake wa kuilinda pombe isiharibike. Togwa hiyo hupandishwa darini ikingali ya moto, humwagwa katika sinia, na huachwa ipoe usiku kucha huku hewa ya nje ikipita kwenye matundu ya kuta na paa. Hakuna mtu anayetia hamira. Hamira huja yenyewe na upepo wa usiku, na ndiyo sababu upikaji hufanywa katika miezi ya baridi tu, tangu mwishoni mwa Oktoba hivi hadi mwanzoni mwa Aprili, kwa kuwa usiku wa joto huleta vijidudu vinavyoharibu. Asubuhi togwa huteremshwa kwenye mapipa ya mbao, ambamo huumuka na kukaa kimya kwa miaka. Utando wa buibui haufagiliwi, kwa sababu buibui hula wadudu wanaofuata sukari ya mapipa.

Mtu wa Pwani ataelewa habari hii upesi kuliko aliyeisoma vitabuni. Mgema naye hatii hamira. Hupanda mnazi, hukata karara, hufunga kibuyu, na utomvu unaodondoka huanza kuchacha ungali juu ya mti. Tembo la asubuhi ni tamu, la jioni ni kali, na likilala siku kadhaa huwa siki. Kinachowatofautisha watu wa Brussels na mgema wetu ni muda waliofaulu kuuongeza. Kwa baridi, kwa mapipa yaliyozibwa vizuri na kwa zile hopsi kongwe, uchachu ambao kwetu hupita kwa siku moja wao wameweza kuufanya uende polepole kwa miaka mitatu bila kuishia kwenye siki.

Pombe ya pipa moja, iitwayo lambic, haina povu na hulala ulimini kama maji ya matunda. Gueuze hupatikana kwa kuchanganya lambic ya mwaka 1, ya miaka 2 na ya miaka 3, ambapo ile changa huwa na sukari iliyobaki na huendelea kuumuka ndani ya chupa na kuzalisha gesi, na ile kongwe huleta kina. Mhudumu aliimimina kutoka kwenye chupa iliyolazwa ndani ya kikapu ili mashapo yasitibuke, na kwa kuwa mkono wake haukutetemeka hata kidogo, glasi yangu ilitoka yenye rangi ya asali nyepesi, na povu jeupe lililotulia upesi. Harufu iliyotangulia ilikuwa ya majani makavu na ngozi, na kwa mbali harufu ya zizi la mbuzi asubuhi, ambayo najua itawashtua wengi lakini haikai. Ulimini ilikuja ndimu, likafuata embe bichi, kisha ganzi ya meno kama mtu aliyemung'unya ukwaju. Utamu haukuwepo kabisa. Nilipomeza, kilichobaki kilikuwa ladha kavu ya mbao, na mate yakajaa kinywani yakidai funda jingine.

Mwenzangu wa Lubumbashi aliniita yaya, kama wanavyowaita wakubwa wao kule kwao, akaniambia kwa upole kwamba pombe hii imechacha. Nilimjibu kwamba ni kweli, na kwamba swali la kujiuliza ni kama imechacha vizuri. Akaonja tena, akiwa hatafuti bia ndani ya glasi, na mara hii aliimaliza. Kwangu mimi gueuze ya Cantillon ndiyo bora kuliko zote tano, na kilevi chake, takriban asilimia 5, hakimchoshi mnywaji. Hata hivyo sitaficha kwamba tumbo tupu haliuvumilii ukali wake, na kwamba glasi ya pili ilinipa furaha pungufu kuliko ya kwanza. Inywewe na jibini, au na samaki wa kukaanga.

Bia ya pili ni Orval. Hii hutengenezwa ndani ya abasia ya Watrapisti, shirika la watawa wa Kikatoliki, kusini kabisa mwa Ubelgiji, karibu na mpaka wa Ufaransa. Wasomaji wanaozifahamu abasia za Ndanda na Peramiho, ambako watawa wa Kibenedikto wamekuwa na karakana na mashamba yao, hawatashangaa kusikia kwamba watawa hufanya kazi ya mikono ili kujitegemea. Abasia ya Orval iliteketezwa mwaka 1793 wakati wa mapinduzi ya Ufaransa, ikaanza kujengwa upya mwaka 1926, na kiwanda cha bia kilianzishwa mwaka 1931 ili kusaidia gharama za ujenzi huo. Kwenye lebo kuna samaki aliyebeba pete mdomoni, kutokana na hadithi ya Matilda, mwanamke wa ukoo wa kitawala, aliyeangusha pete yake ya ndoa katika chemchemi ya bonde lile, akaomba, na samaki akamrudishia.

Jambo la pekee katika Orval ni kwamba huumuka mara mbili kwa hamira mbili tofauti. Ya kwanza ni hamira ya kawaida ya bia. Ya pili, inayotiwa wakati wa kujaza chupa, ni hamira-mwitu iitwayo Brettanomyces, jamii ile ile iliyomo katika mapipa ya lambic, ambayo hufanya kazi polepole na kuzila hata zile sukari ambazo hamira ya kwanza imeshindwa nazo. Kwa sababu hiyo Orval ya miezi 2 na Orval ya mwaka mzima ni pombe mbili, na tarehe ya kujazwa iliyochapishwa kwenye lebo ni habari ambayo mnunuzi anapaswa kuisoma kabla ya kutoa fedha.

Nilizijaribu zote mbili jioni moja, zikiwa kando kwa kando. Changa ilikuwa na rangi ya chungwa lililoiva, povu zito lililosimama kama la maziwa yaliyochemka, na uchungu ulio wazi wa hopsi, wenye harufu ya maganda ya chungwa na majani mabichi yaliyosuguliwa mkononi. Hapo nilikumbuka msesewe. Wapikaji wa mbege huchemsha ndizi mbivu kwa saa nyingi, huziacha siku kadhaa, huzichuja, na huchanganya maji yake na uji wa kimea cha ulezi, lakini bila gome la msesewe mbege hubaki tamu kama togwa ya watoto. Uchungu wa gome hilo ndio unaoushika utamu wa ndizi usimchoshe mnywaji. Msesewe ukizidi, kata hurudishwa kwa mpishi ikiwa nusu. Orval changa ina uchungu uliopimwa na mkono wa mtu anayejua mpaka huo uko wapi.

Orval ya mwaka mmoja ilikuwa nyingine kabisa. Uchungu ulikuwa umeshuka, harufu ya chungwa imekufa, na mahali pake pamekuja ile ngozi na majani makavu niliyoyakuta Cantillon, lakini kwa sauti ya chini na bila ganzi ya meno. Ilikuwa kavu zaidi, yenye gesi nyingi zaidi, na kila funda lilimalizika kwa ukakasi mwembamba. Kilevi kilichoandikwa ni asilimia 6.2. Nikilazimishwa kuchagua nitachukua ya miezi 6 hivi, ambapo hopsi bado inasikika na hamira-mwitu imeshaanza kusema.

Hapa nina lalamiko. Katika mgahawa mmoja wa katikati ya mji niliagiza Orval, ikaletwa ikiwa imepozwa kama soda, ikamiminwa kwa haraka pamoja na mashapo yake yote hadi povu likafurika juu ya meza, ndani ya glasi nyembamba badala ya ile ya bakuli pana iliyotengenezwa kwa ajili yake. Bia iliyopozwa namna hiyo hufunga harufu zake zote, na nililipa bei kamili kwa kinywaji ambacho sikukionja. Anayeuza bia ya aina hii ana wajibu wa kuitoa kwenye friji mapema, na mteja akipewa ya baridi kali ana haki ya kuiacha mezani dakika 15 kabla ya kuigusa.

Saison Dupont, kutoka kijiji cha Tourpes katika mkoa wa Hainaut, ni ya tatu, na ndiyo ambayo ningempa kwanza rafiki asiyependa uchachu. Aina hii ya bia ilianza mashambani, ikipikwa wakati wa baridi ili vibarua wainywe wakati wa kazi za kiangazi, na kazi hiyo bado inaonekana katika umbile lake: rangi ya majani ya ngano, kavu, yenye gesi nyingi, pilipili manga kidogo na ganda la limau. Ina asilimia 6.5. Nilikunywa chupa nzima na chakula cha mchana cha kuku wa kuoka na sikuhisi nimeshiba pombe.

Juu ya Westmalle Tripel sina mengi ya kusema. Ni bia ya watawa wa Westmalle, karibu na Antwerpen, iliyotoka kwa mara ya kwanza mwaka 1934 na kuwafungulia njia wapikaji wengi waliofuata, na imetengenezwa kwa usafi usio na dosari. Harufu yake ya ndizi mbivu ilinigusa, maana inatokana na hamira yenyewe na si na ndizi. Lakini asilimia 9.5 za kilevi zimefichwa nyuma ya wepesi wa rangi na ulaini wa ladha, na mnywaji wa chupa mbili mbili atajikuta amelewa kabla hajajua. Naiheshimu kuliko ninavyoipenda.

Ya mwisho ni Rochefort 10, yenye kizibo cha buluu, asilimia 11.3, nyeusi inayoelekea rangi ya kahawa. Hii ilikuwa imesifiwa sana mbele yangu, na kwetu husema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Hapa hakuna aliyetia maji, ila sifa zilinifanya nitarajie kitu kingine. Ina tini kavu, zabibu kavu, na hasa sukari guru, ile ya miwa inayouzwa sokoni ikiwa imefungwa kwa majani, kiasi kwamba funda la kwanza lilinirudisha kwenye kikombe cha chai ya bibi. Funda la tatu likaanza kunilemea. Nilichokosa ni uchachu au uchungu wa kuushika utamu ule, kazi ambayo msesewe huifanya. Tuligawana chupa moja ya sentilita 33 watu wawili baada ya chakula cha usiku, polepole, kwa muda wa saa nzima, na kwa namna hiyo ikawa nzuri. Sioni namna nyingine ya kuinywa.

Anayetaka kuzijaribu asianze na zote siku moja. Aanze na Saison Dupont, aende Orval changa, ndipo afike kwenye gueuze, akiwa amekula na akiwa na maji mezani. Bei katika maduka ya Ubelgiji ni nafuu sana ukilinganisha na baa, na chupa husafiri vizuri zikifungwa ndani ya nguo katikati ya sanduku. Mimi nimerudi na Orval mbili zenye tarehe moja ya kujazwa. Zimesimama wima kabatini, mahali pasipofika jua. Moja nitaifungua baada ya miezi 6, na ya pili nitaipandisha Kibosho mwakani, niiweke mbele ya mjomba wangu ambaye bado anapika mbege, kando ya kata yake, nimsikie atasema nini.