Miwaridi ya Kiingereza kwenye mnara wa pau: uzoefu wangu wa miaka miwili Lamu

Kwa miaka miwili na miezi kadhaa nimekuwa nikilea miwaridi ya Kiingereza katika kiwanda cha nyumba yetu mjini Lamu, yaani ule ua wa ndani uliozungukwa na kuta ndefu za mawe, na kwa kuwa kila mgeni anayeiona huuliza niliipata wapi na kama na yeye ajaribu, nimeamua kuandika mambo yote kama yalivyokwenda, pamoja na fedha niliyoipoteza. Nilinunua miche minne na mnara mmoja, kisha nikalazimika kutengenezesha mnara wa pili. Mche mmoja haukuwa ule nilioulipia, mnara wa kwanza uliliwa na kutu kabla mwaka haujaisha, na mwaridi nilioutamani kuliko yote ndio niliouondoa mnarani kwa mikono yangu. Hata hivyo nimeagiza mche mwingine.

Miwaridi hii ni kazi ya David Austin, mkulima wa Shropshire nchini Uingereza aliyefariki mwaka 2018. Alichukua mawaridi ya kale ya Ulaya, yenye petali nyingi na harufu nzito ambayo mengi yake huchanua mara moja tu kwa mwaka, akayachanganya na mawaridi ya kisasa yanayorudia kuchanua. Wa kwanza kuutoa, Constance Spry wa mwaka 1961, bado ulikuwa wa mara moja kwa mwaka. Graham Thomas wa mwaka 1983 ndio uliompa sifa kubwa. Huko kwao wengi wake ni vichaka vya kimo cha kiuno au kifua, kwa sababu baridi huvilaza kwa miezi kadhaa na mwenye bustani huvipogoa vikiwa vimelala. Pwani hakuna kinachovilaza. Tawi lililoanza kurefuka masika halioni sababu ya kusimama, na usipolishughulikia utalikuta limepita ukuta, lina ua moja nchani la kutazamwa na kunguru, na huku chini ni miiba mitupu.

Hiyo ndiyo sababu ya kutaka mnara. Ninaposema mnara nakusudia kiunzi chembamba cha miguu minne inayokutana juu, mfano wa piramidi iliyovutwa, ambacho matawi ya mwaridi huzungushwa juu yake kutoka chini hadi kileleni. Kiwanda chetu hakina nafasi ya mwaridi kutanda, ila kina nafasi ya kupanda juu.

Miche niliiagiza kwa simu kutoka kitalu kimoja cha nyanda za juu ambacho sitakitaja. Kila mmoja ulikuwa shilingi 1,800, na safari ya basi hadi Mokowe, kisha mashua ya kuvukia, iliongeza karibu nusu ya bei hiyo. Ufungaji ninausifu: mizizi ilikuwa imezungushiwa gunia bichi na matawi yamefungwa pamoja kwa gazeti, hata moja halikuvunjika. Vibandiko siwezi kuvisifu. Mche ulioandikwa The Generous Gardener, ambao nilitarajia utoe maua ya waridi mepesi yanayoinamisha vichwa, ulichanua baada ya miezi mitano ukatoa waridi jekundu refu lisilo na harufu, la namna ile inayouzwa ndani ya karatasi ya plastiki mbele ya maduka makubwa. Nilipowapigia nikajibiwa kwamba jua la pwani hubadilisha rangi. Nimefundisha shule miaka thelathini na nimesikia visingizio vingi, lakini hicho nilikiandika daftarini.

Kuhusu udongo sitarefusha. Chini ya kiwanda ni mchanga na vifusi vya matumbawe, na chokaa hiyo huizuia mizizi kupata madini ya chuma, kwa hiyo majani machanga hugeuka manjano huku mishipa yake ikibaki kijani. Nilichimba mashimo ya sentimita sitini kwenda chini na vivyo hivyo upana, nikatoa vifusi vyote, nikajaza mboji na samadi ya punda iliyokaa miezi sita, kitu ambacho mtu wa Lamu hana udhuru wa kukikosa. Ukitumia samadi mbichi utaunguza mizizi. Maji ya kisima chetu yana chumvi na yaliunguza kingo za majani ndani ya majuma matatu, basi nikahamia maji ya bomba, yale yanayotoka visima vya Shela chini ya vilima vya mchanga, na ya mvua tunayokinga kutoka darini. Jambo moja ningependa ningeliuliza kabla ya kulipa: mche umebebeshwa, yaani umeunganishwa, juu ya shina gani la chini? Mchanga wa pwani una minyoo fundo, na shina la chini likiwa dhaifu, mizizi hujaa vinundu na mti hudumaa hata ukiulisha namna gani.

Mnara wa kwanza ulikuwa wa chuma, umepakwa rangi nyeusi, na ulitoka duka la mjini Nairobi. Ulikuwa mzuri kweli, una kitufe cha duara kileleni. Mwezi wa pili rangi ilianza kufura pale vyuma vilipochomelewa, wa nne ikabanduka, na mwezi wa saba mguu mmoja ulikatika nilipouegemea kidogo tu. Lakini kutu haikuwa ubaya wake mkubwa. Saa saba mchana chuma kile hakishikiki kwa mkono, na machipukizi laini yaliyokuwa yamekigusa yalipata michirizi ya kahawia kama ya pasi. Fundi wa mbao wa mtaani kwetu, aliyekuja kwa kazi ya mlango, aliutazama akacheka.

“Mwalimu, chuma hapa hakikai,” alisema. “Nipe pau nne. Mti wa mkoko umekulia kwenye chumvi, hauna geni la kuliona.”

Alinitengenezea wa pili kwa pau za mikoko zilizotoka kwenye banda la makuti lililobomolewa, na kwa fito za kuzungushia. Kimo chake juu ya ardhi ni mita mbili na robo, na miguu imezama nusu mita, kwa kuwa upepo wa kusi, hata ukivunjwa na kuta, hujua njia ya kuingia kiwandani. Upana wa chini ni sentimita sitini, na pete za fito zimepangwa kila baada ya shibiri mbili. Hakutumia msumari hata mmoja. Viungo vyote vimefungwa kwa kamba ya usumba, na kamba ikichakaa hubadilishwa kwa robo saa. Gharama yake, pamoja na kazi, ilikuwa chini ya theluthi ya ule wa chuma. Leo una mwaka na nusu na haujatikisika.

Sasa nije kwenye kufundisha matawi, maana hapo ndipo nilipokosea na hapo ndipo nilipojifunza. Jicho (chipukizi ambalo halijafunguka) la nchani mwa tawi lililosimama wima hushusha homoni inayoyazuia macho ya chini yasiamke, na ndiyo maana tawi hukimbilia juu na kuchanua huko huko. Ukililaza tawi, kizuizi hicho hulegea, na karibu kila jicho lililo upande wa juu wa mlalo hutoa kijitawi kifupi chenye ua. Watu wengi hufunga matawi wima kwenye miguu ya mnara, na mimi nilifanya hivyo mwaka wa kwanza. Nikapata mnara uliovaa kofia ya maua na miguu mitupu. Kinachotakiwa ni kulizungusha tawi kama kilemba, kuanzia shibiri moja tu kutoka ardhini, kwa mlalo wa taratibu, matawi mengine yakienda kulia na mengine kushoto yapishane.

Kazi hii naifanya jioni, siku ambayo sijamwagilia, wakati tawi limelegea kidogo. Natia kidole gumba chini ya mahali ninapotaka lipinde, vidole vinne juu, na kulisukuma polepole hadi nihisi linakataa; hapo nasimama, nalifunga, na kurudi baada ya siku tatu kuliongeza kidogo. Kifungo ni cha nambari nane, kitanzi kimoja kwenye fito na kingine kwenye tawi, kilegee kiasi cha kupitisha kidole, kwa maana tawi litanenepa. Naliweka nje ya mnara daima. Tawi lililopenyezwa ndani na nje ya fito linapendeza kwa msimu mmoja, lakini siku ya kulitoa utalikata vipande vipande na mikono itachanika.

Kwa kipimo hicho, miche mitatu iliyobaki ilijitenga kabisa.

Gertrude Jekyll, wa mwaka 1986, ndio niliokuwa nimeuota kwa ajili ya harufu yake, na harufu hiyo ni ya kweli: nzito, ya marashi mawaridi yaliyomwagwa ndani ya mrashi. Jirani yangu, bibi anayefunga vikuba vya maharusi, alileta pua karibu na ua la kwanza akanyamaza kitambo, kisha akasema, “Hili ndilo waridi, mwanangu. Yale ya manjano ni ya kutazamwa.” Alikusudia Graham Thomas. Lakini matawi yake ni magumu, yamenyooka, na yamejaa miiba hadi hakuna pa kushika. Jioni moja nililisukuma tawi lenye unene wa kidole, likalia kak, likapasuka kwa urefu kama muwa. Nililifunga kwa kitambaa. Baada ya siku nne lilikuwa limekauka. Halafu katika joto letu huota matawi marefu mno na kuchanua kwa ubahili. Niliustahimili miezi kumi na minne, kisha nikauhamishia kwenye chungu kikubwa darini, bila mnara, ambako naukata mfupi, na yale machache unayotoa huenda kwa bibi wa vikuba.

Abraham Darby, wa mwaka 1985, ni mchanganyiko wa rangi ya aprikoti kavu za Kiarabu na waridi, na harufu yake ni ya matunda. Umepewa jina la ukoo wa wafua chuma wa Shropshire, watu walioyeyusha chuma kwa makaa ya mawe yaliyookwa tangu mwaka 1709, kwa hiyo nilicheka peke yangu ulipokuwa mwaridi wa kwanza kuunguzwa na mnara wa chuma. Matawi yake hupinda yenyewe kama upinde na hayahitaji nguvu. Kasoro yake ni madoa meusi ya majani: masika, hasa Mei, ukuta wa kiwanda unapokuwa haukauki, huvua karibu majani yote ya chini. Naokota yaliyoanguka kila asubuhi na kumwagilia chini tu, na bado hauponi kabisa. Maua yake ni makubwa hadi huelemea vikonyo, jambo ambalo mnarani ni faida, kwa kuwa unayaona usoni badala ya kuyainamia.

Graham Thomas ndio ulioshinda. Mwaka 2009 uliteuliwa na shirikisho la dunia la vyama vya mawaridi kuwa waridi linalopendwa zaidi duniani, na kusema kweli nilidhani ni sifa za kizungu tu. Matawi yake ni marefu, laini, yenye miiba michache, na hukubali kuzungushwa hata mtoto akiyashika. Moja limezunguka mnara mara mbili na nusu na kuchanua kila shibiri. Rangi yake ni manjano ya kiini cha yai la kienyeji linapofunguka alfajiri, na kufikia alasiri limefifia kuwa limau. Wakati wa kaskazi, Januari hadi Machi, ua halizidi siku moja na nusu, nalo huwa dogo; Julai na Agosti, kusi ikipoza, hukaa siku nne na kujaa kama kikombe cha kahawa. Harufu yake ni ya majani ya chai, nyepesi, na bibi wa vikuba hajabadilisha maoni.

Usumbufu mwingine ni wa kawaida. Utitiri huja kiangazi chini ya majani na huondoka kwa kurushiwa maji kwa nguvu asubuhi mbili tatu mfululizo. Kwa kuwa hakuna baridi ya kuilaza, mwisho wa Machi, kabla ya mvua, naipumzisha mwenyewe: naondoa majani ya zamani kwa mkono, napogoa vijitawi vya pembeni nikiacha macho mawili au matatu, nakata kutoka shinani tawi moja lililozeeka, na kuyazungusha upya yaliyobaki. Ni kazi ya siku mbili na glavu nzito, na baada ya majuma sita au saba mnara hujaa.

Nikipanga tena leo nitauliza kitalu swali moja kabla ya kutazama picha ya ua: tawi lake hupinda? Mche niliouagiza sasa ni Graham Thomas wa pili, kutoka kitalu kingine, na nimewaomba wautume ukiwa na ua angalau moja lililofunguka, hata kama litafika Mokowe limepukutika. Fundi ameshatenga pau nne. Nafasi ni pale kwenye pembe ya kaskazini, ambapo lile jekundu la plastiki lilikuwa.