Mtambo wa sola wa maji moto: uchukue upi?

Kabla ya kuulizia bei, yajue maji yako na ujue paa lako linabeba uzito gani.

Kwa nyumba nyingi, ninaouweka wa kwanza ni wa paneli bapa na tangi juu yake, bila pampu. Maji yakipata moto huwa mepesi, yanapanda yenyewe tangini, na ya baridi yanashuka kushika nafasi yake. Umeme ukikatika, haujali. Sharti lake ni tangi kukaa juu zaidi ya paneli, kama sentimita 30 hivi. Likishushwa, usiku mzunguko unaweza kugeuka na joto likapotelea angani. Lita 200 ni kilo 200 za maji peke yake, tangi bado, kwa hiyo fundi aikague kenchi kwanza.

Uliza pia kama maji ya kuoga ndiyo yanayopita kwenye paneli. Yakiwa na chokaa, mabomba membamba ya ndani yataziba. Kukiwa na baridi ya kugandisha, yatapasuka. Hali yako ikiwa hiyo, nunua ule ambao paneli ina kimiminika chake chenye glikoli (dawa ya kuzuia kuganda), kinachopasha tangi bila kuchanganyika na maji. Ni ghali zaidi, lakini hapo usibane.

Wa pili ni mirija ya vakyumu, yaani ya vioo viwili vilivyoondolewa hewa katikati. Penye baridi na mawingu huishinda paneli bapa, maana vakyumu huzuia joto kutoroka. Penye jua la mwaka mzima, faida hiyo ni ndogo. Epuka ile ambayo maji hujaa ndani ya mirija: mmoja ukivunjika, tangi linamwagika.

Mfumo wa pampu, tangi likiwa chini, ni wa paa dhaifu. Paneli za umeme zenye hita naziweka mwisho: hugeuza takriban sehemu moja kwa tano tu ya jua kuwa umeme, hivyo zinataka paa kubwa.

Kwa ukubwa, kadiria lita 50 kwa mtu kwa siku.

Muuzaji akutajie mambo mawili kabla hujalipa: fimbo ya magnesi inayolikinga tangi na kutu itabadilishwa lini, na valvu ya kuchanganya maji moto na ya baridi iko wapi. Jua kali huweza kuyafikisha maji nyuzi 80, na mtoto huungua kwa sekunde chache tu.