Startopia ya 2001 au dada yake wa 2021?

Pale kwa kibanda cha gemu Umoja, swali hili hupoza chai mezani: Startopia ya 2001 ama Spacebase Startopia ya 2021? Zote zinakukabidhi kituo cha angani chenye umbo la gurudumu na ghorofa tatu: chini mitambo, katikati starehe, juu bustani. Pesa yako ni nishati, kwa hivyo kila mlango unaojenga unakula chungu kilekile.

Mimi ni wa ile kongwe. Ghorofa ya juu unaifinyanga mwenyewe: unainua udongo uwe kilima, unamwaga maji, unapandisha joto, na mimea inabadilika kufuata mkono wako. Nimewahi kukaa saa nzima nikichonga ziwa huku wageni wangu wakiugua chini bila daktari. VAL, kompyuta ya kituo, akanisimanga kwa upole wa shangazi aliyekuja bila taarifa. Nilistahili.

Ile mpya ina picha safi na inachezeka hata kwa PlayStation na Xbox. Kijana wa jirani anasema ya zamani inafanana na redio ya babu, na kwa macho hajakosea. Lakini VAL wa sasa anabwabwaja mno. Siku ya pili nilimzima sauti.

Halafu kuna stima. Kongwe inakimbia kwenye laptopu yangu ya mtumba hata umeme ukipotea. Mpya inataka mashine yenye misuli, na misuli hiyo inamaliza betri kabla bustani haijachanua.