Rivyu ya Pokémon kwa macho ya Gengar mmoja: stati zile zile, maisha tofauti kila toleo

Gengar wangu, mzimu mmoja wa kwenye gemu za Pokémon, nilimpatia kwenye toleo la FireRed, nikabadilishana na mshkaji ili Haunter, umbo lake la kabla, ageuke kuwa Gengar maana bila hivyo hageuki, na huyo huyo mmoja nimemhamisha gemu hadi gemu mpaka leo yuko HOME, app ya kuhifadhia Pokémon. Kwa hiyo hii rivyu siyo ya gemu moja, ni ya mfululizo mzima, ila naupima kwa kitu kimoja tu: kila toleo jipya likitoka sheria za pambano zinaguswa, na mnyama uliyemzoea anaweza kuamka bosi au akaamka takataka bila yeye kubadilika chochote. Grafiki, stori, miziki, hayo watawaambia wengine.

Stati zake za msingi, yaani namba za uwezo, hizi hapa: HP (uhai) 60, Attack 65, Defense 60, Special Attack 130, Special Defense 75, Speed 110. Tangu Gold na Silver za 1999 hakuna namba hata moja iliyoguswa. Zishikeni hizo, hasa ile 65 na ile 130.

Kabla ya hapo, Red na Green za 1996, Special ilikuwa stati moja, unapigia hiyo hiyo na unakingia hiyo hiyo, kwa hiyo Gengar alikuwa na 130 pande zote mbili na Alakazam 135, yaani fujo tupu. Kila mnyama na kila shambulizi lina aina, na aina ya Psychic, ya Alakazam, ilitawala mpaka basi, na kwa kosa la programu mashambulizi ya Ghost, aina ya Gengar, yalikuwa hayaigusi kabisa, wakati ilitakiwa iyaogope. Siyo kwamba ingesaidia sana, Gengar mwenyewe cha kupigia kwa Ghost alikuwa na Lick ya nguvu 20, kulamba tu, so kazi yake ilikuwa kulaza watu kwa Hypnosis halafu ajilipue. Mfalme wa enzi zile alikuwa Tauros, ng'ombe wa kawaida kabisa, kisa kritiko, yaani mapigo ya bahati yanayouma zaidi, zilihesabiwa kwa Speed ya msingi na yeye anayo 110, zaidi ya mara moja kwenye kila mapigo matano anapata kritiko, na Hyper Beam, shambulizi zito ambalo kawaida ukilipiga unapumzika zamu inayofuata, ikiua hakuna kupumzika. Gold na Silver zikafuta yote mawili, Special ikagawanywa Tauros akaachiwa 40 ya kupigia, na ufalme ukaishia pale. Aina mpya za Dark na Steel nazo zikaingia kumfunga Psychic breki. Hapo nawapa nyota zote, ilikuwa lazima.

Sasa FireRed. Kizazi kile cha gemu ndicho kilicholeta abiliti, kipaji cha kudumu cha mnyama, Gengar akapewa Levitate, anaelea, mashambulizi ya Ground hayamgusi. Safi. Lakini kulikuwa na sheria moja ya kijinga iliyokuwepo toka mwanzo, kwamba aina ya shambulizi ndiyo inaamua kama linatumia Attack au Special. Moto, maji, umeme ni Special. Ghost na Poison ni Attack. Na Gengar ni Ghost na Poison! Yaani aina zake zote mbili zinatoka kwenye ile 65, na ile 130 anabaki kuitumia kwa umeme wa kuazima. Nilimfundisha Shadow Ball, shambulizi la Ghost, kwa ubishi tu, na nakumbuka nikiipiga kwa Starmie, ambaye anaiogopa Ghost, inamla zaidi kidogo ya nusu halafu yeye ananimaliza.

Halafu ikaja Diamond na Pearl, 2006. Sheria mpya: kila shambulizi lina upande wake peke yake, halifuati tena aina. Nikampitisha Gengar wangu Pal Park, mlango wa kuhamishia wanyama toka gemu za zamani, safari ya kwenda tu hakuna kurudi, Shadow Ball ile ile, nguvu 80 ile ile, nikakutana na Starmie. Starmie Defense yake 85 na Special Defense 85, sawa kwa sawa, kwa hiyo hakuna kisingizio kingine. Alilala pigo moja. Nilikaa nikaangalia skrini tu. Mnyama hajabadilika, shambulizi halijabadilika, kilichobadilika ni mstari mmoja kwenye katiba!! Na si yeye tu, Gyarados akapata Waterfall ya kutumia Attack yake 125, Hitmonchan ngumi zake za moto na barafu na umeme zikaanza kuuma kweli baada ya miaka ya kuzipiga kwa Special Attack 35. Kwangu mimi hii ndiyo sheria bora waliyowahi kutunga, sibishani na mtu. Ila iliwanoa na maadui, Pursuit ya Tyranitar, shambulizi la kumwadhibu anayetolewa uwanjani, ikahamia kwenye Attack yake 134, ukimtoa Gengar anapigwa mgongoni akiwa mlangoni, ukimwacha anapigwa usoni.

Na jamani Stealth Rock, ya kizazi hicho hicho, mawe yanatawanywa chini, Charizard akiingia tu uwanjani nusu ya uhai imeenda. Miaka mingi mtu ukimleta Charizard wanakucheka, mpaka Sword na Shield za 2019 zikaleta viatu, Heavy-Duty Boots, vinavyomkinga. Miaka kumi na tatu kusubiri viatu.

X na Y, 2013, aina ya Fairy ikaingia, Poison inaipiga, Steel nayo ikaacha kupunguza makali ya Ghost, vyote hivyo zawadi kwa Gengar. Wakaongeza na Mega, umbo la muda la pambano lenye nguvu zaidi, la Gengar likiwa na Special Attack 170, Speed 130, na Shadow Tag, mpinzani hawezi kutoa mnyama wake. Hapo walizidisha kiukweli, Smogon, jamii ya wachezaji mtandaoni inayopanga madaraja, wakampeleka Ubers, daraja la waliozidi nguvu, na mimi nilikubali japo ni wangu.

Kilichoniuma ni Sun na Moon, 2016. Namhamisha Gengar, mechi ya kwanza Garchomp wa jamaa anaonekana kabisa anataka Earthquake, mimi kwa mazoea ya miaka namwingiza Gengar aelee zake. Hakuelea. Levitate imeondolewa, amepewa Cursed Body, ambayo kwa asilimia 30 inazuia shambulizi lililompiga, sasa inazuia nini na mwenyewe kashakufa? Kosa langu sikusoma, nakubali, lakini mnyama ambaye hata akisimama anaonekana anaelea... basi bana.

Sword na Shield zikafuta Mega, ila zikafuta na Pursuit, nikapumua. Dynamax, ya kumfanya mnyama awe jitu, sikuipenda, uhai unaongezeka hadi mara mbili kwa zamu tatu, mahesabu yote yanavurugika.

Scarlet na Violet za 2022 ndizo za kununua kama unaanza leo. Terastal, yaani kubadili aina ya mnyama katikati ya pambano, inafikirisha kuliko Dynamax, mtu unayemzidi kwa kila kitu anabadili aina mara moja na wewe ndiye uliyeingia mtegoni. Gengar humo hajapunguzwa kitu, tatizo ameletewa Flutter Mane, Ghost na Fairy, Special Attack 135, Special Defense 135, Speed 135. Kazi ile ile, kila namba ya maana imemzidi. Napanga timu ya watu sita, naweka Gengar, naangalia, namtoa naweka Flutter Mane. Jana nimemrudisha tena. Nikapigwa.