Kupiga kura 38A, Brooklyn Park: kaunta safi, menyu ndio shida (nyota 4 kwa 5)

Kila uchaguzi ukikaribia magrupu ya WhatsApp ya Wakenya wa hapa Minnesota yanajaa maswali yaleyale, unaendea wapi, unabeba nini, jina likikosa kwa daftari inakuaje. Basi wacha nifanye rivyu kabisa vile watu hufanyia hoteli, nikiangalia wilaya yetu ya 38A ya bunge la jimbo, hii ya kipande cha Brooklyn Park pamoja na Osseo. Nyota nne. Kaunta ni safi sana, ni menyu ndio inasumbua, nitafika hapo.

Kwanza tuelewane ni kura gani naongelea maana wengi wetu tukisikia uchaguzi wa Marekani akili inaruka kwa rais peke yake. Minnesota ina bunge lake, Seneti ya watu 67 na Baraza la Wawakilishi la watu 134, na hesabu ni rahisi, kila wilaya ya Seneti inakatwa mara mbili, A na B. Sisi ni 38A, wenzetu ni 38B, seneta tunagawana mmoja. Mwakilishi mmoja anabeba watu kama 42,600 hivi na anarudi kuomba kura kila baada ya miaka miwili, hakuna hii ya mtu kupotea miaka mitano halafu anatokea na leso na unga wa kilo mbili. Mipaka ya sasa ilichorwa 2022 na jopo la majaji watano baada ya wanasiasa kushindwa kuelewana, na mji wetu wa watu 86,000 na kitu ukakatwa vipande, huku 38A, pale 38B, ukipanda kaskazini ni 34B (najua, Mkenya akisikia 34B anaona fomu za matokeo za IEBC, tume ya uchaguzi ya Kenya, na Bomas wanakojumlishia kura, hata mimi). Kwa hivyo usiulize jirani uko wilaya gani, ingia kwa tovuti ya katibu wa jimbo, andika adresi yako, itakuonyesha kituo chako na sampuli ya karatasi utakayopewa.

Sehemu hii aliiwakilisha Mike Nelson wa DFL, ndio jina la chama cha Democrats huku kwetu, tangu 2003 mpaka akaamua 2024 hatagombea tena. Akaingia Huldah Momanyi Hiltsley, binti wa Nyamira, akamshinda Brad Olson wa Republican mwezi wa Novemba na akawa mzaliwa wa kwanza wa Kenya kuingia bunge la Minnesota. Magrupu hayakulala. Kongole kwake, lakini hii sio rivyu ya mheshimiwa, ni ya huduma yenyewe, kazi yake kila mtu atapima 2026.

Sasa kituoni. Milango inafunguliwa saa moja asubuhi na kufungwa saa mbili usiku, na ukiwa kwa laini saa mbili ikigonga unapiga kura hata kama iko mbali. Mimi huenda nikitoka shifti ya usiku, na skrabu zangu na macho mekundu, hakuna mtu ananiangalia mara mbili. Karani wa kwanza anatafuta jina lako kwa tableti, unasaini, unapewa karisiti kadogo, unampa karani wa meza ya pili, anakupa karatasi. Unaingia kwa kile kibanda cha plastiki, unachukua kalamu nyeusi, unajaza kale kaduara kando ya jina mpaka keusi vizuri, sio tiki, sio mkasi. Halafu unaipeleka mwenyewe kwa mashine, inaimeza, namba pale mbele inapanda moja, ukigeuka kuna mzee anakupa stika nyekundu. Kwisha. Hakuna wino kwa kidole, hakuna kubonyeza kidole kwa KIEMS, ile mashine ya kura ya Kenya, na ukiwa ulishasajiliwa na hujahama hawakuulizi kitambulisho hata kidogo, kitu ambacho nikiwaambia watu wa nyumbani wanadhani nawadanganya. Ukikosea, unarudisha karatasi unapewa nyingine bila kugombezwa. Na kama umekuja na mama mzee wa magoti, mwache kwa gari, omba mtu ndani, watatoka makarani wawili wa vyama tofauti na karatasi yake mpaka dirishani. Hii kitu iliniondolea hasira nyingi za serikali siku hiyo.

Mwenye lugha inamsumbua anaruhusiwa kuingia na mtu wake wa kumsaidia, rafiki, mtoto, yeyote, ila sio bosi wake wala mtu wa chama chake cha wafanyakazi. Na mambo ya bosi tukiwa hapo hapo, sheria ya Minnesota inakupa ruhusa ya kutoka kazini uende ukapige kura bila kukatwa mshahara. Wasimamizi wengi wa shifti hujifanya hawajui. Waambie kwa upole mapema wapange.

Lakini kile kinaipa hii huduma nyota zake ni usajili wa siku hiyohiyo. Iko tangu 1974, kwa hivyo sio majaribio, na ndio maana moja ya jimbo hili kuwa juu kila mwaka, 2024 zaidi ya asilimia 76 ya wenye haki walipiga. Umehama apatimenti wiki iliyopita? Beba leseni yenye adresi mpya, au kitambulisho chochote cha picha hata kilichoisha muda pamoja na bili ya stima ama mkataba wa nyumba wenye jina lako na adresi ya sasa. Huna hata hiyo? Jirani aliyesajiliwa kituo hichohicho anaweza kuja akuapie kwamba unaishi hapo, na mtu mmoja anaweza kuapia mpaka watu wanane. Sasa sikieni hii nyinyi wa grupu homu na nasingi homu, na tuko wengi: mfanyakazi wa makao ya kuishi anaweza kuwaapia wakazi wa hapo wenye haki ya kupiga kura, na yeye hana hiyo limiti ya wanane, mradi aonyeshe anafanya kazi hapo. Kuna wazee tunawaosha na kuwalisha kila siku hawajapiga kura miaka kwa sababu leseni iliisha na mtoto wao yuko Arizona, na staf hajui kwamba yeye mwenyewe ndiye hati inayotakikana.

Tafadhali hapa nisieleweke vibaya. Kama bado uko na grinikadi, ama viza, ama kesi yako bado, USIPIGE. Hata karani akitabasamu, hata ukitumiwa barua ya kukukaribisha kusajiliwa, hata kama leseni yako ni ya Minnesota halali kabisa, maana leseni wanapewa wote tangu Oktoba 2023 bila kuangaliwa makaratasi ya uhamiaji. Kura ya asiye raia ni kosa la jinai na inaweza kukumalizia safari yote ya uraia. Ngoja uape kwanza.

Sasa menyu. Nyota niliyokata ni hii. Karatasi ni ndefu mbele na nyuma, na ukishapita rais, seneta, kongresi na bunge la jimbo unakutana na majina ambayo hata Google inakuna kichwa. Majaji, mmoja baada ya mwingine, wengi hawana mpinzani, unajaza kaduara ya mtu anayeshindana na hewa. Wengine hawageuzi karatasi kabisa, na kituo kimoja hapa mjini ambacho sitakitaja hakuna mtu alikumbusha laini yetu igeuze, nikaona mama mbele yangu anaingiza yake ikiwa nyuma nyeupe. Mwaka 2024 kulikuwa pia na swali la kubadilisha katiba ya jimbo ili pesa za bahati nasibu ziendelee kwenda kwa mazingira, na Minnesota ukiacha swali la katiba wazi inahesabiwa kama umesema HAPANA. Lilipita vizuri tu, lakini fikiria unapiga kura ya hapana bila kujua umepiga. Hiyo ingeandikwa kwa herufi kubwa ukutani. Na zile kadi za wagombea zinazojaa kwa sanduku la posta hazisaidii, picha ya familia na mbwa, halafu nyuma picha ya mpinzani kwa rangi ya kijivu kama anatafutwa na polisi, sera hakuna.

Kuna mwenye ataniambia yote haya ni kelele, kiti kimoja cha jimbo kitabadilisha nini. 2024 ilimaliza Baraza la Wawakilishi likiwa 67 kwa 67, DFL na Republican. Shakopee, wilaya ya 54A, Brad Tabke alishinda kwa kura 14 halafu ikagundulika kura 20 za mapema zimepotea, ikaenda mpaka kortini ndio akabaki na kiti. Roseville 40B mshindi akaonekana hakai wilayani, akatolewa, na DFL wakasusia bunge kutoka Januari 14 mpaka mwanzo wa Februari kwa sababu hesabu ilikuwa imewageukia. Kisha Juni ikaja ile ya MinnesotaCare: watu wasio na makaratasi walikuwa wamefunguliwa mlango wa bima ya afya ya jimbo Januari 2025, na bunge likapiga kura kuwafungia watu wazima mwisho wa mwaka huohuo, watoto wakaachwa. Kwa Baraza la Wawakilishi ilipita 68 kwa 65. Wa 68 alikuwa Melissa Hortman, mwakilishi wa 34B na kiongozi wa DFL kwa Baraza, peke yake kutoka chama chake, alikuwa amekubali ili bajeti ipite na serikali isifungwe, na alilia akieleza kwa nini.

Siku chache baadaye, Juni 14, yeye na mumewe Mark waliuawa nyumbani kwao hapa hapa Brooklyn Park na mtu aliyekuja usiku amevaa kama polisi. Usiku huohuo Seneta John Hoffman na mkewe walipigwa risasi kule Champlin, wakapona. Sitaandika mengi, wengi wetu asubuhi ile tuliambiwa tubaki ndani ya nyumba. Septemba 16 watu wa 34B wakarudi kwenye laini kujaza kile kiti, Xp Lee aliyekuwa diwani wa mji akashinda, na Baraza likarudi 67 kwa 67.

Kwa mipango yenu: 2026 viti vyote 134 na vyote 67 vya Seneti viko kwa karatasi, pamoja na gavana. Mchujo ni Agosti 11, na kwa wilaya kama yetu inayoegemea upande mmoja hapo ndipo kazi yenyewe iko, kama vile mchujo wa chama kule nyumbani sehemu zingine ndio uchaguzi. Huku huhitaji kuwa mwanachama, ila ukianza upande wa chama kimoja kwa karatasi ya mchujo usiruke kwa kingine, ukichanganya kura zako za vyama zinaharibika. Uchaguzi mkuu ni Novemba 3 na kura ya mapema inafunguliwa siku 46 kabla, kwa hivyo mtu wa shifti mbili hana haja ya kungoja Jumanne. Nendeni katikati ya wiki, saa nne hivi za asubuhi, laini huwa fupi na parking ipo. Na geuzeni karatasi.